Baba, Mkweo Alinyamaza kwa Heshima

Mpendwa baba,

Shikamoo. Barua hii naiandika wazi, ibandikwe kwenye ukuta wa mashine ya kusaga na isomwe na yeyote atakayeiona, kwa sababu sina hakika ulipo. Wengi wanasema uko Sombetini, huko mjini. Mwingine anasema alikuona Sokon ukibeba matofali, na jirani yetu anaapa kwamba ulikuwa unafagia uwanja wa kanisa moja mjini na ulimgeuzia mgongo. Miwani yako umeiacha juu ya kabati, kwa hiyo najua utasomewa. Wewe unayemsomea, nakuomba usiruke mahali, hata akikwambia inatosha. Atakwambia inatosha. Ndivyo alivyo.

Nianze na mazuri, maana mabaya yatajileta yenyewe.

Unakumbuka msako wa kwanza ulioniruhusu kufuata? Mahindi yalikuwa yameanza kushika na nguruwe pori walikuwa wanapanda kutoka korongoni, wanalala shambani kwetu kama wamepanga chumba. Mlikuwa majirani watupu. Askari wa wanyamapori alikuja akasema wafukuzeni kwenye mashamba yenu, mpaka wa msitu msiuvuke, na bunduki ziwe zile zenye kibali. Wafukuzaji wakaingia chini ya korongo na madebe na mbwa, wakapanda nalo kwa kelele. Wewe na wengine wachache mlikaa juu, mkivizia. Sisi wanawake na watoto tulisimama kwenye migomba na masufuria ili nguruwe wasigeukie nyumba. Nilipiga sufuria la Mama mpaka likabonyea, na hakunisamehe mpaka nilipoolewa.

Kabla watu hawajashuka uliwakalisha chini wote, hata wale wazee kuliko wewe, ukawasomea masharti. Ulikuwa na masharti kuliko posa. Mwenye bunduki akishakaa hahami. Hapigi kuelekea kwenye sauti ya mtu. Hapigi kitu mpaka akione chote, kichwa na mkia. Na wafukuzaji uliwaambia neno ambalo wanakijiji wanalikumbuka mpaka leo: “Kule kichakani hamwonekani. Sauti yako ndiyo shati lako. Ukinyamaza, uko uchi.”

Kisha uliwaambia waache mlango. Upande wa msituni, hatua kadhaa za kichaka, hapakuwa na mtu wala mbwa wala wavu. Vijana walinung'unika. “Sasa Mzee, si watatoroka?” Ukawajibu, “Watoroke. Sisi tunataka mahindi yetu, hatutaki kumaliza ukoo wa mtu.” Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba baba yangu anamhesabu nguruwe kuwa na ukoo, nikajisikia fahari ambayo sikuweza kumweleza yeyote.

Siku hiyo alikutokea pongo, yule swala wa vichakani. Nguruwe walikuwa wameshapita mlangoni, na yeye akaja mbele yako na mtoto wake, amesimama, mistari yake myeupe inaonekana mgongoni. Ulishusha bunduki. Jirani yako alisonya akasikika mpaka kwetu kwenye migomba. Wewe ukamuuliza kwa upole tu, “Huyu amekula mahindi ya nani?” Jioni tulikula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, bila kipande cha nyama. Mama akakutania, “Mwindaji gani huyu anarudi na umande peke yake?” Ulicheka ukamwaga kikombe. Nakuandikia hivi huku naona kile kicheko, na moyo unauma, Baba, unauma kweli.

Na matusi! Nani atasahau matusi ya msako? Mfukuzaji anatakiwa apige kelele muda wote, na maneno ya kawaida huisha upesi, kwa hiyo watu wa kwetu humtukana nguruwe. Wanamtukana pua, wanamtukana miguu, na mwisho wanafika kwa mama yake mzazi. Wazee wa kanisa wenyewe, wakishaingia korongoni, wanatoa maneno ambayo Jumapili wangetengwa kwayo. Mama alikuwa ananiziba masikio kwa mikono miwili huku yeye mwenyewe anacheka hadi machozi. Hakuna aliyeona kosa. Lilikuwa korongo, na matusi yalikuwa ya nguruwe.

Baadaye Anaeli akaja kuniposa. Tangu siku hiyo sikuwahi kuona mtu anayekuheshimu kama yeye. Akikuona njiani anaingia kwenye kahawa kukupisha, na wewe unajifanya hukuona kahawa zinatikisika. Hajawahi kula mbele yako. Hajawahi kupandisha sauti ukiwa karibu, hata kumwita mtoto. Alikuwa juu ya paa la nyumba yetu akipigilia bati, ukapita chini, akaacha nyundo hewani mpaka ulipopotea. Ulimwambia Mama, “Kijana huyu hata kivuli chake kinanipisha.” Ulisema kwa furaha. Nami nilifurahi, kwa sababu ni wanawake wangapi wamepata mume na baba wanaopendana namna hiyo, kimya kimya, bila hata kukaa kiti kimoja?

Halafu misako ikageuka. Wewe uliona kabla yetu. Zilianza kuja pikapu kutoka mjini, wanaume wa Kijenge na kwingine wenye viatu vizuri na bunduki ambazo hatukujua zimetoka wapi, wanasema wanakuja kutusaidia. Wakawa wanataka nyama. Mlango ukazibwa kwa wavu. Hapakuwa tena na nguruwe peke yake. Kilichokuwa korongoni chote kilifukuzwa, pongo mwenye mimba, paa, kila kitu, na kilichojeruhiwa kikaingia msituni kufia huko bila mtu kukifuata. Uliposema, mwenyekiti wa kitongoji alikujibu, “Mzee, mambo yamebadilika.” Ukakaa nyumbani. Ukawa unasikia milio ya bunduki umeinamisha kichwa, na kwa kila mlio unauliza, “Huyo ameona nini?”

Kisha ukarudi kwenye msako. Mama alikukatalia. Wewe ukamwambia, “Nikikaa hapa, hawa watu wataua mtu.” Hilo ndilo linalonikosesha pumzi, Baba. Ulirudi kuzuia.

Kilichotokea kinasimuliwa kwa namna nyingi siku hizi, na wewe mwenyewe hukukisimulia hata kidogo, kwa hiyo acha nikiseme mimi. Nimekisikia kwa Anaeli mwenyewe, na mengine niliyaona nikiwa kwenye migomba.

Wageni walikuwa na haraka. Hakuna aliyekalishwa chini, hakuna aliyesomewa masharti. Ulipoanza kusema, mmoja wao alishawasha pikapu kuzunguka upande wa pili. Mwenyekiti aligawa watu kwa kunyoosha kidole, huyu hapa, yule pale. Wewe akakuweka juu ya korongo, nyuma ya mti wa mringaringa. Anaeli akamweka chini, kwenye mstari wa wafukuzaji, na mstari ule ulikuwa unapanda moja kwa moja kuja kwako. Mtu na mkwewe, uso kwa uso, kwenye shughuli ya matusi. Hakuna aliyewaza. Kila mmoja wetu anajua kwamba mkwe hatukani mbele ya mkwe, tunalijua tangu tukiwa tumboni, na hakuna hata mmoja aliyewaza.

Anaeli hakujua uko wapi. Alipanda na debe lake na kelele zake kama wenzake. Ananiambia: “Nilikuwa katikati ya tusi. Lile la mama yake nguruwe. Nikasikia mtu anakohoa pale juu, nikajua ni Baba. Nikalimeza.” Akaacha kupiga debe pia, kwa aibu, asijue umesikia kiasi gani. Halafu akafanya jambo ambalo amelifanya miaka yote tangu anioe: akainama, akatoka kwenye njia, akaingia kichakani ili akupishe.

Wewe ulisikia sauti kushoto na sauti kulia. Mbele yako hapakuwa na sauti. Nguruwe mmoja alikuwa ametoka upande huo huo muda mfupi uliopita. Mgeni mmoja alikuwa amehama nafasi yake, amesimama nyuma yako anakuhimiza, “Piga Mzee, piga, anatoroka huyo!” Kichaka kikatikisika, chini, usawa wa mnyama.

Hukuona kichwa wala mkia. Naliandika hilo hadharani kwa sababu najua unajisemea kila siku huko uliko, na ni afadhali ulisikie kwa mtu anayekupenda. Ulikosea. Umri wako wote ulisubiri kuona, na siku hiyo hukusubiri. Lakini ulipiga mahali ambapo masharti yako mwenyewe yalikwambia hapana mtu.

Ulipofika alipoanguka, goti lake lilikuwa limesambaratika, na yeye alikuwa anajaribu kujivuta pembeni. Nilifika nikiwa bado na sufuria mkononi. Nilimsikia kwa masikio yangu akikwambia, “Samahani, Baba.” Samahani! Mtu anavuja damu, anamwomba radhi aliyempiga, kwa kuwa amemlalia njiani. Ulivua koti, ukamfunga, ukamwinua ukiwa peke yako kabla vijana hawajafika. Yale mapikapu yalikuwa yameshaanza kuondoka. Moja tu ndilo lililotubeba, na dereva wake alilalamikia damu mpaka hospitali.

Mguu ulikatwa. Polisi walichukua bunduki na maelezo yako, wakaenda kuchukua na ya Anaeli kitandani. Aliwaambia ni ajali na kwamba aliyenyamaza ni yeye. Ukaachiwa. Ulipotoka pale hukuja wodini. Ulikaa nje kwenye benchi, unatuma matunda kupitia kwangu. Nilikwambia, “Baba, ingia, anakuulizia.” Ukasema, “Nitamtazama na macho gani?”

Na huku nyumbani, unajua walisema nini waliokuja kutupa pole? Walimsifu. Walikaa sebuleni kwangu wanakunywa chai yangu wanasema, “Mwanaume huyu ana adabu! Hata kwenye hatari hakumvunjia mkwe heshima.” Mmoja alisema ataifanya mfano kwa vijana wa kipaimara. Nilivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili nilisimama nikawaambia waondoke. Mume wangu alikuwa anapanda mapaa ya watu, ndiyo kazi yake, ndicho chakula chetu, na sasa hawezi kupanda hata ngazi ya jukwaa la kwaya, halafu mtu ananiletea sifa? Mama alinishika mkono akidhani nimerukwa na akili. Labda nilirukwa. Sioni aibu.

Wazee wa koo zetu mbili wakapanga kikao cha suluhu. Anaeli alifurahi, akaomba anyolewe. Asubuhi ya kikao Mama akaamka akakuta umeondoka, blanketi umelikunja vizuri kama mgeni.

Baba, sikiliza sasa, maana hapa ndipo ninapoomba kwa machozi. Kuondoka kwako kumesema neno ambalo wewe hukulisema. Kwanza walinong'ona, sasa wanatamka: mtu asiye na hatia hakimbii. Wanasema hukumpenda Anaeli tangu mwanzo. Wanasema mwindaji wa miaka yote hawezi kumchanganya mtu na nguruwe. Kaka mkubwa wa Anaeli, yule uliyemfundisha kupogoa kahawa, naye ameanza kuamini, na ameomba kikao cha pili. Kitakaa Jumamosi hii. Kama hutakuwepo, ukoo wao utatamka kwamba ulikusudia. Likishatamkwa hilo, Anaeli na watoto watachukuliwa wakae kwao, na mimi nitaambiwa nichague: nifuate mume au nibaki kwa watu wa mpigaji. Watoto wangu watakua wakijua kwamba babu yao alimwinda baba yao. Watalijua kama wanavyojua majina yao. Siwezi kulizuia. Nimesema mpaka sauti imekauka, wananijibu, “Wewe ni binti yake, utasemaje?”

Anaeli naye amesema. Wanamjibu kwa ile ile sifa: ana adabu mno, hawezi kumshitaki mkwe hata akiuawa. Umeona? Heshima yake imefanya hata ushahidi wake usiaminike.

Na misako haijakoma, usifikiri imekoma. Nguruwe wamerudi kwenye mahindi, hata yangu wameyalalia, sikatai kwamba tunahitaji kuwafukuza. Lakini mwenyekiti amekubali jambo moja tu, kwamba wafukuzaji wavae vile vizibao vya kung'aa wanavyovaa vijana wa bodaboda. Kizibao kitamsaidia nini mtu mbele ya anayepiga kichaka? Mlango bado umezibwa. Wageni bado wanakuja. Hakuna anayekalisha watu chini. Ingekuwa ni wewe, ungeuliza nani ni mkwe wa nani kabla mtu hajashika debe. Ungewaambia waimbe pambio, wanaume wote hao wa kwaya, kuliko matusi yanayomnyamazisha mtu mbele ya mzee wake. Najua ungesema, kwa sababu sasa unalijua kwa gharama ambayo hakuna mwingine aliyeilipa isipokuwa Anaeli. Umebeba maarifa hayo umekwenda nayo kujificha.

Nimekuwa na hasira nawe, sitakudanganya. Kuna siku nafua koti lile, doa halitoki, natamani ungekuwepo nikugombeze kama mtoto. Aibu ilimnyamazisha yeye akapoteza mguu. Aibu hiyo hiyo imekunyamazisha wewe, na itatumaliza sisi wote tuliobaki. Mama haombi tena kwa sauti. Anakaa tu kwenye kiti chako cha barazani, kile ambacho hakuwahi kukikalia, ili kisionekane kitupu.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo hata Mama sijamwambia.

Juzi Anaeli alinitaka nimpeleke Sombetini. Tulichukua bodaboda mbili, yeye na magongo yake mbele, mimi nyuma. Tulizunguka kuulizia mzee mrefu wa Meru asiye na miwani. Watu wanatucheka, wazee warefu wa Meru wamejaa. Jua likawa kali, kwapa zake zimechubuka kwa magongo, nikamwambia turudi. Akakataa. Akasimama katikati ya njia, mbele ya wauza mitumba, akavuta pumzi, akaita jina lako.

Jina lako, Baba. Ulilobatizwa nalo. Si Mzee, si Baba, si babu wa watoto. Unajua kwetu mkwe hatamki jina la mkwe, hata akiulizwa hospitali huomba mtu mwingine alitaje. Mimi mwenyewe sitaliandika hapa. Yeye aliliita, akaliita tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kifuani mwake, mpaka watu wakatoka kwenye vibanda wakidhani tumefiwa. Nilinyoosha mkono nimzibe mdomo. Akausukuma. Akaniambia, “Acha. Siku ile ningepiga kelele.” Akaendelea kuita, machozi yanamtoka, mume wangu ambaye hajawahi kupandisha sauti mbele yako.

Tulipokata tamaa, mama mmoja muuza mkaa alinivuta pembeni. Akasema kuna mzee analala ua wa nyuma wa kibanda chake, hupakua magunia, hasemi na mtu. Akasema mzee huyo alikuwa pale pale wakati tunaita. Aliposikia alishusha gunia, akashika ukuta, akaingia ndani, na hakutoka. Niligonga, mlango haukufunguliwa.

Kwa hiyo ulisikia. Usiniambie hukusikia. Mkweo yuko mbele yako, Baba, na hakunyamaza. Itika.

Ni mimi binti yako wa kwanza, mke wa Anaeli.